Pole na Msiba wa Mtaro

Mtaro wa mtaani kwetu, Ng'ambo, hapa Tabora, ulipita mbele ya baraza nilipoweka cherehani yangu, kwa hiyo nilijua nani anamwaga nini na saa ngapi. Alfajiri majivu. Saa tatu uchafu wa uwani, uliofagiwa kwa ustadi mpaka mistari ya ufagio inabaki mchangani, kisha wote ukasukumwa mtaroni. Jioni maganda ya viazi kutoka kwa muuza chipsi. Na msimu wa maembe, Mungu wangu! Tabora kwa maembe mnaijua. Kokwa zilishuka na maji hadi kwenye kalavati, zikakaa pale na mifuko ya rambo, maana wakati huo rambo zilikuwa hazijapigwa marufuku.

Hakuna aliyeona anakosea. Mtaro si unapeleka maji? Basi na takataka utapeleka. Ikinyesha mvua kubwa vinaondoka kweli, tunashukuru, wala hatuulizi vimekwenda kwa nani.

Tarehe 9 Desemba 2015, mtakumbuka, Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru akataka nchi nzima ifanye usafi, kipindupindu kikiwa kimetutisha tangu Agosti. Tulitoka. Nilimwona mwalimu mstaafu akiwa ndani ya mtaro na suruali imekunjwa magotini, anazoa tope kwa beleshi. Ila tope lenyewe tulilipanga ukingoni, tukapiga picha, tukaenda kunywa chai. Mvua zilizofuata zikalirudisha lote mahali pake.

Ikaja faini. Tangazo likapita na kipaza sauti: atakayekamatwa anamwaga taka mtaroni atalipa. Watu wakasikia, wakahamishia kazi hiyo usiku. Mimi niliyekuwa nikijua ratiba ya kila nyumba nikawa sijui tena chochote, nasikia tu *pwa!* gizani.

Sasa niwaambie habari za Bi Mtani. Alikuwa Mzaramo, mjane wa mtu wa relwe, amezeekea Tabora akiuza vitumbua. Jina lake halisi wengi hatukulijua. Kwa Wanyamwezi, Mzaramo ni mtani, na wazee husema utani huo ulizaliwa njiani, wakati wapagazi wa Kinyamwezi wakibeba pembe kwenda Bagamoyo, wakipita Ugogo na Uzaramo, wakigombana, wakauguzana na kuzikana. Bi Mtani aliutumia utani wake kama hati ya shamba. Kwenye msiba wa jirani yetu mmoja alivaa koti la marehemu, akakaa katikati ya wafiwa akidai deni la vitumbua vya mwaka mzima, kwa sauti ya marehemu mwenyewe. Mjane, ambaye tangu jana yake hakuwa amefungua mdomo, alicheka mpaka akashikwa asianguke.

Januari mtaro ulifurika, maji yakaingia jikoni kwa Bi Mtani yakalowesha unga wa mchele. Nilitegemea matusi. Kesho yake nafungua baraza, namkuta amekaa kwenye mkeka kando ya mtaro, kanga kichwani, miguu ameinyoosha. Mbele yake amelaza kiroba kilichotuna: pampasi, chupa, kandambili ya mguu mmoja, kokwa za maembe zenye nywele zake. Anaomboleza.

"Mtaro wangu ee! Jana tu ulikuwa unatembea! Nani amekukaba? Umekabwa na pampasi, baba, umekabwa na pampasi!"

Watoto walifika kwanza, kama kawaida ya watoto. Kisha kina mama. Akaweka bakuli la rambirambi, akaniita: "Wewe fundi, una daftari la vipimo, lete. Andika mchango." Nikaandika chini ya vipimo vya gauni la bibi harusi: shilingi mia, shilingi mia, shilingi mia mbili, andazi moja.

Mzee mmoja wa msikitini akasimama, hakufurahi. "Mmesoma dua hapa?"

"Hata bismillahi sijasema, baba. Usinitie dhambini. Hiki ni kilio cha utani, hakina dini."

Mzee alikitazama kiroba, akatazama mtaro, akaondoka. Baadaye kidogo akaja kijana wake na birika la kahawa na vikombe. Msiba ukawa umekubaliwa.

Kiongozi wa mtaa naye alipita. Alipoombwa rambirambi akatoa, na ndipo akauliza swali ambalo siku ya usafi hakuna aliyeliuliza: "Mnazika wapi?" Watu wakatazamana. Dampo liko mbali, na lori la taka lilikuwa likija linapojisikia. Hapo ndipo bakuli likapata kazi. Pesa ile ikakodi guta, kiroba kikapakiwa na vingine vilivyojazwa papo hapo, kijana wa guta akapewa na kahawa. Kila Jumamosi ikawa hivyo.

Ila kilichoshika mtaa hasa ni salamu. Bi Mtani alitangaza kwamba tuko matangani mpaka mtaro ufufuke, kwa hiyo ukimwona mtu anakwenda na ndoo upande ule, usimkemee, usimwite mchafu, mpe pole. "Pole na msiba." Naye sharti aitikie, "Tumeshapoa," ageuke na ndoo yake. Aliyekwisha kumwaga anatoa mia ya rambirambi.

Naona siri yote ilikuwa kwenye ile pole. Mwambie mtu wa kwetu "wewe mchafu", atakutajia uchafu wa ukoo wenu kuanzia babu. Ukimpa pole, anabaki na ndoo mkononi hana la kukujibu. Nilimwona mama mmoja, mkali ajabu, amekwisha inua ndoo kabisa, mtoto wa darasa la pili akamkunjia mikono kifuani kwa adabu zote: "Shikamoo, mama. Pole na msiba." Ndoo ilikaa hewani. Akaishusha polepole. "Marahaba. Tumeshapoa. Mwana mbaya wewe." Akarudi, anacheka kwa pembeni asionekane. Faini ingempata huyo? Angemwaga saa nane za usiku na kulala usingizi mzuri.

Baadaye nilisoma kuhusu Antanas Mockus, meya wa Bogotá kule Kolombia, ambaye mwaka 1995 aliwapanga waigizaji wasiosema neno barabarani, wakawa wanawaiga na kuwakejeli waliovuka ovyo na madereva wakorofi, badala ya kutegemea faini peke yake. Watu wakaanza kufuata sheria kwa kuogopa kuchekwa. Nilimsimulia Bi Mtani. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huyo alikuwa na mtani wake, ila hakutaka kumtaja."

Sikusema kwamba wote walicheka. Muuza chipsi hakucheka. Alipopewa pole aliweka karai chini akasema, "Mimi si Mzaramo wala Mnyamwezi. Bibi, mimi si mtani wako."

"Basi kama si mtani, wewe ni mfiwa," akajibiwa.

Jioni yake, wateja wamejaa, kina mama wakaja na mkeka wakautandika mbele ya kibanda chake, wakawa wanapita mmoja mmoja kumshika mkono. Pole baba. Pole sana. Ndiyo dunia. Mteja mmoja aliyekuwa akisubiri chipsi mayai akajipanga kwenye foleni naye akampa pole, kisha akauliza kama mayai yameiva. Jamaa alikasirika kweli. Hakunisalimia kwa muda mrefu, akidhani nami nilikuwamo kwenye mpango. (Nilikuwamo. Mkeka ulikuwa wangu.) Nami naona pale palizidi kidogo, kwa sababu utani una mipaka yake, na mtu aliye kazini anatafuta riziki si wa kuzungukwa hivyo. Maganda yake lakini yaliacha kuja mtaroni. Jirani mwenye mbuzi alikuwa ameanza kuyachukua kila jioni, na mpaka leo sina hakika kilichomgeuza ni aibu au ni wale mbuzi.

Kufikia mvua za Machi maji yalipita. Hayakupita vizuri sana. Bado kila baada ya mvua tulizoa pampasi na chupa ambazo si zetu, maana mtaro wetu unaanzia mtaa wa juu, na huko walikuwa bado wanaamini kama tulivyoamini sisi. Bi Mtani akasema msiba usiofikishiwa ndugu wa marehemu haujakamilika. Jumapili moja tukafunga kiroba tukapanda nacho, kundi zima, watoto mbele.

Walitupokea kwa namna mbalimbali. Kuna aliyefunga geti. Wengine walitoka kuangalia, wakatuuliza tuna nini. Bi Mtani akatua kiroba katikati ya njia. "Tumewaletea ndugu yenu. Alikuja kwetu bila taarifa, akafia kalavatini."

Akatoka mzee wa Kinyamwezi mwenye fimbo, akakizunguka kiroba, akakigusa kwa ncha, akamtazama Bi Mtani.

"Wewe ni mtu wa Pwani?"

"Mzaramo."

"Nilijua. Na ubani mmekuja nao? Kwetu hakuna mtu anayefika msibani mikono mitupu, halafu Mzaramo aje kututupia maiti hivi hivi?"

Watu wa juu wakaangua kicheko. Sisi hatukuwa na ubani. Hakuna aliyewaza kwamba ni sisi tutakaodaiwa. Bi Mtani alisimama kidogo, akafungua pindo la kanga, akatoa mia tano, akamwekea mzee kiganjani.

"Andika kwenye daftari lenu," akasema. "Kama hamna daftari, mnunue. Kesho tunaleta mwingine."