Matuta yetu na maji ya kufulia

Masika yameisha na sasa ndiyo tunahesabu hasara. Kati ya matuta yetu matatu ya kurukia baiskeli, la kwanza limetoka salama. La pili mdomo wake, yaani ule upande wa kupaa, umekatika kushoto, kipande kizima kimeporomoka hadi njiani. La tatu, ambalo ndilo vijana wanalipenda kuliko yote, limelowa mpaka ndani. Ukilipanda kisigino kinazama. Katikati ya la pili na la tatu kuna dimbwi ambalo vyura wameshalichukulia hati.

Zamani mtu akiniuliza kujenga matuta ya kurukia baiskeli kunataka nini, ningemwambia udongo mzuri na mgongo usiochoka. Siku hizi namwambia maji. Udongo tunao. Hapa Goba, Dar es Salaam, ukichimba ukaupita mchanga wa juu unakutana na ule mwekundu wenye mfinyanzi kiasi, unashika vizuri. Si kama kule ufukweni ambako ukijenga kitu asubuhi, jioni kimeshamwagika. Kinachotusumbua mwaka mzima ni maji: ama yamezidi, ama hayapo, ama yapo pale usipoyataka. Machi mpaka Mei yanabomoa. Juni mpaka Septemba hayaonekani na udongo unapasuka. Halafu vuli inakuja kumalizia kilichobaki. Masika ya 2024, mwaka wa Kimbunga Hidaya, yalituachia vilima visivyo na umbo, tukaanza upya toka chini.

Kiwanja ni cha mzee mmoja anayeishi mkoani, alikinunua siku nyingi na hajaanza kujenga. Ametuachia kwa sharti kwamba tusiguse mwembe wake na tusimletee kesi. Kina mteremko mzuri: unaanzia chini ya mwembe, unafika tuta la kwanza una spidi ya kutosha bila kukanyaga pedeli. Mawili ya mwanzo juu yake ni bapa, kwa hiyo ukipungukiwa na spidi unatua palepale juu na unaendelea na safari. La tatu lina pengo katikati, na hapo ukipungukiwa ni wewe na Mungu wako. Baiskeli ni za mtumba, madigadi na keria zimeng'olewa, nyingine foku yake imeshachomelewa zaidi ya mara moja. Helmeti ni za bodaboda. Hazipendezi, ila bila helmeti hupandi, na hilo halina mjadala.

Vijana wanapenda kubishania urefu wa mdomo. Mimi nabishana nao kuhusu pa kutua. Mdomo mrefu ni sifa za kwenye simu tu. Kinachokurudisha nyumbani mzima ni mteremko wa upande wa pili. Uwe mrefu, uwe umelala kuliko mdomo, ili gurudumu likigusa literemke nao badala ya kugonga bapa. Mdomo nao una lake. Ukiachiwa kinundu mwishoni, hata kidogo tu, gurudumu la nyuma linapigwa juu wakati la mbele limeshaondoka, na mtu anakwenda kichwa mbele. Ndiyo maana kabla hatujaanza kuruka lazima mmoja apite na fagio la chelewa kuondoa kokoto, kisha apitishe kiganja taratibu kwenye ukingo wote, toka kushoto hadi kulia. Kinundu ambacho macho yamekipita, kiganja kinakikamata.

Nirudi kwenye maji. Udongo mkavu haushindiliki. Ukiupiga chepe unakurudishia vumbi. Uliolowa sana nao unahamahama, unapiga hapa unavimba pale. Unaotakiwa ni ule ambao ukiufumbata unashikana kama tonge la ugali, hautoi maji kati ya vidole, na ukiuachia uanguke kutoka usawa wa kiuno unapasuka vipande viwili vitatu. Huo ndio unaotandazwa tabaka la nusu shibiri, unashindiliwa, unakwaruzwa juu, unanyunyiziwa, ndipo linafuata tabaka jingine. Anayerundika kilima kizima kwa mkupuo na kukipiga juu atakuwa ameshindilia ganda, ndani kumelegea vilevile. Kuna tuta la zamani ambalo watoto walilijenga kabla sijahamia mtaa huu. Ndani walijaza makumbi ya nazi ili wapunguze kazi ya kuchimba. Akili nzuri sana, mpaka makumbi yalipooza na tuta likakaa chini. Tulipolifukua tulikuta mashimo ambayo mkono unaingia hadi kwenye kiwiko, na siafu waliokuwa wameshahamia humo na hasira zao.

Aliyetufundisha kuulaza udongo ni bibi wa nyumba ya jirani, mwenyeji wa Kisarawe, ambaye katika ujana wake amekandika nyumba nyingi za miti. Alikuwa anapita na mfuko wake wa mchicha, akasimama kutuangalia tunavyomwagia maji na kushindilia papo hapo. Tukamwamkia.

"Marahaba, wajukuu zangu. Sasa huo udongo ndiyo kwanza unaamka mnaupa kazi? Umwagieni jioni, mfunike, ulale. Asubuhi mtaniambia."

Ni kweli kabisa. Madonge ya mfinyanzi yanachelewa kunywa maji, lakini yakikaa nayo usiku kucha, asubuhi unayavunja kwa vidole. Yeye ndiye pia aliyetukataza kuziba nyufa kwa mfinyanzi mtupu, kwa sababu ukikauka unasinyaa, na ufa unarudi palepale ukiwa mpana zaidi. Ufa unaukwaruza kingo zake, unaulowesha, unausindilia mchanganyiko wenye mchanga ndani yake, ndipo unaupigapiga kwa mgongo wa chepe. Na udongo wa kichuguu, akasema, tukiupata tusiuache, maana kwao ndio waliosakafia nao nyumba. Tumepata kichuguu kilichokufa kwenye shamba la mihogo huko bondeni, tunakichuna karai moja moja kwa ruhusa ya mwenyewe, na mdomo wa tuta la kwanza ulijengwa kwa mchanganyiko wake. Nadhani ndiyo sababu umevuka masika.

Lakini udongo wa kulazwa unataka maji mengi, na hapo ndipo palipokuwa na maneno. Vijana walikuwa wakichangishana wananunua kwa dumu. Wanaoishi mji huu watakumbuka Oktoba 2022, Mto Ruvu unaotupa maji ulipopungua na mgao ukaja, watu wakawa wanaamka usiku wa manane kuvizia bomba. Katika mji wa namna hiyo, kumwagia kilima maji ambayo mtu angepikia ni kujitafutia matusi. Mama mmoja alinisimamisha mbele za watu: "Baba, hao watoto wanaounywesha udongo, wenyewe wameshaoga?" Watu wakacheka. Kisha yeye mwenyewe akaongeza, "Si mchukue haya ninayomwaga?"

Basi toka hapo matuta yanajengwa kwa maji ya kufulia. Siku za kufua watoto wanazunguka na ndoo kwenye nyumba za jirani, wanayapokea yale ya povu na yale ya kusuuzia kabla hayajamwagwa barabarani, wanakuja kujaza pipa. Ukiingia kiwanjani Jumamosi mchana, harufu inayokupokea ni ya sabuni ya unga. Udongo haujalalamika. Ukoka tuliopanda ubavuni mwa matuta ili uushike udongo usioshwe na mvua, huo tunaumwagia maji ya kusuuzia tu, povu zito hatulipeleki huko. Kwenye mdomo wenyewe hatupandi chochote, mizizi ingeupasua.

Kuhusu kufunika, nimeshakuwa mtu wa makuti. Turubai ni zuri mvua inapotishia, ila ukilisahau siku mbili tatu chini yake udongo unabaki tepetepe hauko tayari kwa lolote. Na turubai linaazimwa: leo msiba, kesho kitchen party, halirudi. Makuti yanavunja nguvu ya matone, yanaleta kivuli wakati wa kiangazi, yanapitisha hewa, na hayana mwizi.

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa alikuja mara moja tu, na hakuja kwa ajili ya baiskeli. Alikuja kwa ajili ya mbu. Dar imeshapigwa na homa ya dengue, 2014 na tena 2019, kwa hiyo huwezi kumlaumu mtu akiona mashimo ya maji akakunja uso. Alisimama ukingoni mwa shimo tulilochimbia udongo, akalikazia macho dimbwi. Mbu wa dengue anapenda zaidi pipa na ndoo, wa malaria anapenda dimbwi la jua. Sisi tulikuwa na vyote viwili. Pipa likapata kifuniko siku ileile. Dimbwi tulilikatia mtaro wa kutolea maji kwa chini, na kila tuta sasa lina mtaro mdogo upande wa juu, ili maji yanayoteremka kiwanjani yalizunguke badala ya kusimama miguuni pake. Huo mtaro umeziba sasa hivi kwa majani ya mwembe, ndiyo maana vyura wamerudi. Kazi ya kwanza wiki hii ni hiyo, kabla hata ya kugusa mdomo uliokatika.

Vijana wa mchezo huu duniani kote wana sheria moja: hujachimba, huruki. Naikubali, lakini naikubali kwa namna yetu. Hapa kuna kijana ambaye Jumamosi nzima yuko gengeni na mama yake, anapata saa moja tu ya jua linalozama. Kumwambia ashike chepe saa hiyo moja ni roho mbaya. Na kuna binti wa darasa la sita ambaye chepe ni refu kuliko yeye, ila hakuna anayemzidi kwa kuleta ndoo za maji, na tuta la kwanza analiruka vizuri tu. Kwangu mimi ndoo ni kuchimba. Ambaye simpendelei ni yule anayekuja na baiskeli ya bei mbaya, udongo bado mbichi, anaruka mara kumi, anauachia mdomo mfereji wa tairi, anapiga picha, anaondoka. Mfereji ule jua likiupata unakuwa jiwe, na anayefuata unamrusha kando.

Juzi mzee mwenye kiwanja alipiga simu. Anataka kuanza msingi mwakani, na ameshasikia kwamba tuna vilima. "Hivyo vitanisaidia kujazia," akasema, na kweli hesabu yake iko sawa, maana udongo huo umeshindiliwa kuliko kifusi chochote cha kuletwa na lori. Niliwaeleza vijana kwamba mambo ndivyo yalivyo tangu mwanzo. Mchezo huu waliuanzisha watoto wa California mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakiigiza mbio za pikipiki kwenye viwanja vitupu, na ingawa mchezo wenyewe, BMX, umefika Olimpiki tangu Beijing 2008, matuta mengi bado yako kwenye ardhi ya mtu. Huko huko California, mjini Aptos, kulikuwa na matuta kando ya posta yaliyojulikana dunia nzima. 2015 yalisawazishwa kupisha majengo. Mmoja akauliza kama na wao walijazia msingi. Sikuweza kujizuia kucheka.

Nikamwambia mzee hatuna neno, kiwanja ni chake, ila aanze kuchota tuta la kwanza na la pili, la tatu atuachie mpaka fundi afike upande ule. Akasema, "Tutaona." Kwa mwenye kiwanja wa Dar, hilo ni jibu zuri sana, kwa hiyo Jumamosi tunauanza mdomo wa la pili.