Splita siyo skrini ya pili: nilivyofunga monita mbili kwenye laptopu yangu

Mimi naediti video za harusi hapa Mwanga, Kigoma, na muda mrefu nilikuwa nabanana na kioo cha laptopu cha inchi 14, huku timelaini (ule mstari wa kupangia vipande vya video), huku video yenyewe, huku mafolda, mpaka shingo inakaza. Nikasema basi, natafuta monita mbili. Nikapata moja yenye HDMI na nyingine ya zamani yenye VGA tu. Shida ikawa kuziunganisha, maana laptopu ina tundu moja la HDMI.

Jamaa wa duka akaniambia "kaka chukua splita, hapo umemaliza", yaani kile kidude kinachogawa HDMI moja kwenda monita mbili. Elfu thelathini na kitu ikaondoka, pamoja na kiadapta cha HDMI kwenda VGA kwa ile ya zamani (hicho angalieni mwelekeo, ndani kina chipu inayogeuza ishara ya dijitali kuwa analogi, ukikigeuza kinyume hakifanyi kitu). Nachomeka, monita zote zikawaka, nikashangilia kabisa, halafu naona picha ni ile ile huku na huku. Nafungua folda linatokea kote, nalivuta pembeni linaenda pamoja kote, nikazima nikawasha, nikabadili waya, nikabonyeza vitufe vya Windows na P (vya kuchagua picha ikae vipi kwenye skrini) mpaka vidole vikachoka, usiku ukaisha hivyo. Splita inanakili tu, kompyuta inajua ina monita moja ya nje hata ufanyeje. Iliniuma kwa sababu aliyenishauri anauza vitu hivyo kila siku.

Mwingine akasema tumia adapta ya USB Taipu C kwenda HDMI. Nikanunua, giza. Kumbe matundu ya Taipu C yanafanana sura ila mengine ni ya data na chaji tu, hayatoi picha, na la kwangu ndo hilo. Jamani kabla hujatoa hela tazama pembeni ya tundu kama kuna alama ya DP (DisplayPort) au ya radi (Thunderbolt), hizo ndo za kutoa picha, usipoiona soma sifa za modeli yako kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza, usimsikilize muuzaji.

Kilichoniokoa ni adapta ya USB kwenda HDMI yenye chipu ya DisplayLink, niliagiza Kariakoo ikaja na basi, laki na ushee hivi. Hii haitegemei tundu la picha kabisa, programu yake inabana picha ndani ya laptopu na kuipitisha kwenye USB ya kawaida. Ndo maana lazima uweke draiva, yaani hiyo programu yake, na ndo maana uichomeke kwenye USB 3.0, mara nyingi ile yenye ulimi wa bluu, mimi kwanza niliweka kwenye nyeusi mshale wa mausi ukawa unaburuta miguu. Windows na P, chaguo la tatu (Extend), dawati la kompyuta likatanuka, kila monita na picha yake. Nilisimama nikaangalia tu!

Ila prosesa inafanya kazi ya ziada, kwa hiyo video inayocheza naiweka monita iliyo kwenye HDMI ya laptopu, mafolda na timelaini vinakaa upande wa DisplayLink. Hapo haikwami.

Splita sikuitupa. Juzi kwenye harusi Ujiji ukumbi ulikuwa na TV mbili, nikaifunga, picha moja pande zote, na mama zetu waliokaa nyuma kabisa wakamwona bi harusi anavyoingia.