Namba ninazosoma kila Jumatatu

Studio yetu iko Kenya, hapa Lubumbashi (wasomaji wa Nairobi mnielewe, huku Kenya ni mtaa). Tunarekodi harusi, mahari, ubatizo na matanga. Kazi zote za miaka minne zimo ndani ya sanduku moja lenye diski nne za terabaiti 4, zimepangwa kwa RAID 5. Maana yake, diski moja ikifa, tatu zilizobaki zinaendelea kutoa faili zote kana kwamba hakuna msiba. Raha yake ndiyo hatari yake.

Mwaka jana diski ya tatu ilikufa mwezi wa nne. Mimi nikajua mwezi wa nane.

Sanduku lilipiga mlio usiku uleule, umeme uliporudi baada ya kukatika. Kijana anayelala studio akadhani ni mambo ya umeme tu, akabonyeza kitufe, likanyamaza. Simlaumu hata kidogo. Ni mimi niliyemwachia funguo bila kumweleza mlio ule ni wa nini. Asubuhi taa ya mbele ilikuwa kijani, faili zinafunguka, wateja wanasubiri. Ile taa husema tu kwamba umeme unaingia.

Nilistuka pale video ya mahari ya familia moja ya Katuba ilipogoma katikati. Tukanunua diski mpya, na kuijaza kukachukua saa 19. Nililala kando ya jenereta na dumu la petroli, maana umeme ukikatika wakati ule ni balaa juu ya balaa. Ikajaa. Lakini diski ya pili nayo ilikuwa na sekta (vipande vidogo vya diski vinavyohifadhi data) zisizosomeka, na kwa kuwa ya tatu haikuwepo, hapakuwa na pa kuchukua kilichokosekana. Faili moja ya dakika 11 ikaharibika. Kadi za kamera tulikuwa tumeshazifuta zamani.

Nilikwenda mwenyewe kumwambia mama wa bibi harusi. Nilimkuta uani anachambua majani ya sombe.

“Ni pale baba mkubwa alipokuwa anahesabu mahari?”

“Ndiyo, mama.”

“Na sauti yake vilevile?”

“Na sauti, mama.”

Aliendelea kuchambua. Hakunipandishia sauti, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Tangu siku ile, kila Jumatatu kabla ya kufungua mlango naendesha smartctl, programu ya kuiuliza diski hali yake, kwa kila diski na kuandika majibu kwenye daftari la karatasi. Diski hujihesabia makosa yake yenyewe, kila aina na namba yake, tatizo ni kwamba hakuna anayeiuliza. Namba 5 ni sekta zilizokufa ambazo diski imeshahamishia kazi yake kwenye sekta za akiba. Namba 197 ni zile inazoshindwa kusoma na bado haijaamua la kufanya nazo. Hiyo ndiyo naiogopa kuliko zote. Namba 187 na 198, za makosa yasiyorekebishika, nazitazama pia. Namba 199 ikipanda, usikimbilie kununua diski: mara nyingi ni kebo. Mwezi wa kumi diski ya nne ilinipa 199 inayopanda kila wiki. Nikabadilisha kebo, ikasimama palepale.

Joto naliandika pia. Mwezi wa saba, wakati wa baridi, diski zilikuwa nyuzi 33. Mwezi wa kumi, kabla ya mvua, zilifika 50, na nilipofungua sanduku nikakuta feni imevaa vumbi jekundu kama blanketi.

Ila daftari haliwezi kuchukua nafasi ya nakala ya pili. Mwaka 2007 wahandisi wa Google walichapisha utafiti wa diski zaidi ya laki moja: diski iliyoonyesha kosa lake la kwanza katika kujikagua ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko isiyo na kosa hilo. Lakini utafiti huohuo ulikuta kwamba zaidi ya theluthi moja ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa dalili yoyote, ukiacha joto. Kwa hiyo kazi za kila mwezi zinakwenda kwenye diski ya nje inayolala nyumbani kwa yaya wangu (huku yaya ni ndugu mkubwa), mtaa wa Bel-Air. Na mara moja kwa mwezi sanduku linasoma kila kitu kuanzia mwanzo hadi mwisho, hata video ambazo hakuna aliyezigusa, kwa sababu sekta mbovu hupenda kukaa pale pasipofunguliwa.

Onyo nalo sasa linakuja kwenye simu yangu na ya yule kijana, na kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi tunalituma la majaribio. Lisipofika kwa wote wawili, hatuanzi kazi.

Leo asubuhi diski ya kwanza imetoka 0 hadi 8 kwenye namba 197. Ina saa 31,412 za kufanya kazi. Nakala ya Bel-Air nimeihakiki, petroli ipo, diski mpya iko mezani kwenye mfuko wake. Naibadilisha jioni tukifunga.