Siku ya kuchora mantiki ya mradi

Saa 2:00 asubuhi. Andiko la mradi linatakiwa kwa mfadhili wiki ijayo, na leo ni zamu ya ule mchoro wa visanduku na mishale: rasilimali, shughuli, mazao (yaani kile mradi wenyewe unachotoa), matokeo, athari. Wengi huanzia kushoto, maana huko ndiko kwenye fedha. Mimi naanzia kulia. Nabandika ukutani karatasi ya mwisho kwanza: "Watoto wa darasa la tatu wanasoma na kuelewa."

Saa 3:30. Mwenzangu anayesimamia mafunzo anabandika "Walimu 60 wamefunzwa" kwenye safu ya matokeo. Naihamishia kwenye mazao, ananuna. Lakini mafunzo tumeyatoa sisi. Matokeo ni anachofanya mwalimu darasani sisi tukishaondoka. Tunabishana mpaka tunapata: "Walimu wanasomesha kwa vikundi vidogo kila siku." Hilo mtu anaweza kwenda kulishuhudia.

Saa 5:00. Mishale. Kazi yenyewe iko hapa, maana kila mshale ni dai. Ili mwalimu aliyefunzwa abadili ufundishaji, vitabu viwepo, mwalimu mkuu akubali ratiba ipanguliwe, na mwalimu asihamishwe katikati ya mwaka. Tunayaorodhesha kama dhana, yaani mambo tunayotegemea yawe kweli. Vitabu tunavitoa humo na kuviweka kwenye shughuli, kwa sababu kuvinunua tunaweza. Uhamisho hatuna mamlaka nao, unabaki.

Saa 8:00 mchana. Mhasibu analinganisha mchoro na bajeti, mstari kwa mstari. Ziara za shuleni zimo kwenye mchoro, nauli haimo. Kompyuta mpakato zimo kwenye bajeti, kisanduku hazina. Hakuna msomaji mkali kama mhasibu.

Saa 9:30. Viashiria, yaani vipimo vya kuonyesha kama matokeo yamepatikana. Tunachukua EGRA, kipimo cha usomaji kwa watoto wa madarasa ya mwanzo kilichoanza kutengenezwa 2006, kinachohesabu pamoja na mengine maneno ambayo mtoto anayasoma sawasawa kwa dakika moja. Ofisa tathmini anadai takwimu za mwanzo zikusanywe kabla ya mafunzo. Ratiba inasogea.

Saa 11:00 jioni. Namwita dada wa mapokezi, asiyeujua mradi, ausome mchoro kwa sauti: "tukifanya hiki, basi kitatokea kile." Anateleza vizuri hadi kwenye "Mikutano ya wazazi". "Halafu?" anauliza. Hakuna mshale unaotoka hapo. Ama tuuchore kesho, au mikutano ifutwe pamoja na fedha zake.