Moshi wa meli si vumbi la Dodoma

Sisi tunaopima hewa hapa Dodoma tumezoea vumbi la kiangazi: chembe za udongo, nyingi kubwa kuliko maikromita 2.5 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), ambazo hutua upepo ukitulia. Moshi wa meli ni habari nyingine kabisa. Salfa ya mafuta mazito huungua ikawa dioksidi ya salfa, kisha hewani hugeuka salfeti, chembe zisizofika hata maikromita 1. Hizo hukaa angani siku kadhaa. Mvuke huzishika, mawingu ya chini hupata matone mengi madogo na kung'aa zaidi, hadi satelaiti huona mistari myeupe nyuma ya meli.

Tangu 1 Januari 2020 kikomo cha salfa katika mafuta ya meli duniani kimeshuka kutoka asilimia 3.50 hadi 0.50, na mistari hiyo imepungua sana. Ni nafuu kubwa kwa mapafu ya watu wa pwani.

Wenzetu mnaopima Dar na Tanga, tafadhali, msipime uzito wa chujio linalonasa chembe likitoka tu kwenye mashine ya kuvuta hewa. Salfeti hunyonya unyevu, uzito unazidi. Liacheni saa 24 kwenye chumba chenye nyuzi 20 hadi 23 na unyevu wa asilimia 30 hadi 40, ndipo mlipime.