Kwa nini ngoma za Ngome ya Lamu huchezwa uani, na jinsi ngome yenyewe inavyotunzwa

Ngome yetu ni kubwa, lakini haina chumba kinachotosha kuwa ukumbi. Sababu ni boriti. Boriti ya mkoko hubeba dari ya mawe kwa upana wa mita 3 hivi. Ukizidisha, hupinda katikati na sakafu ya juu ikapasuka. Kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba, na shughuli ya watu wengi hufanyiwa uani, palipo wazi.

Ujenzi ulianza 1813, baada ya vita vya Shela, Lamu ilipowashinda watu wa Pate na Mombasa, kwa msaada wa Seyyid Said wa Omani, ukaisha 1821. Wakati huo bahari ilifika karibu na ukuta. Sasa ufuo umefukiwa, na gati liko mita kama 70 mbele. Kuanzia 1910 hadi 1984 ngome ilikuwa jela, kisha Makumbusho ya Taifa ya Kenya yakaichukua.

Ukuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, na adui yake mkubwa ni simiti. Matumbawe hunyonya unyevu wa chini pamoja na chumvi. Chokaa huuachia unyevu utoke. Simiti huuziba, basi maji hupanda juu zaidi, chumvi ikaganda nyuma ya plasta na kuisukuma, nayo huanguka na uso wa jiwe. Gonga plasta kwa kifundo cha kidole: palipo na mlio wa mtungi mtupu imeshaachana na ukuta.

Bandua plasta hiyo kwa tindo ndogo, taratibu, usije ukavunja jiwe. Piga brashi kavu uondoe ule unga mweupe, kisha lowesha ukuta. Changanya chokaa kipimo kimoja kwa mchanga vipimo vitatu, na mchanga usiwe wa ufuoni, maana utarudisha chumvi ileile. Chokaa iwe imezimwa kwa maji ikakaa wiki kadhaa. Chembe isiyozimika huvimba baadaye ndani ya ukuta na kutoboa plasta. Paka tabaka jembamba, lisizidi sentimita moja, ufunike kwa gunia bichi siku kadhaa. Jua la kaskazi likilipiga likiwa bichi, litapasuka tu.

Boriti nazo huoza kwanza kwenye kichwa kilichomo ukutani, pasipoonekana. Kabla ya masika zibua mifereji ya juu, kisha chomeka kisu pale boriti inapoingia ukutani. Kikizama bila kusukumwa, boriti hiyo itolewe mwaka huuhuu.