Pawa saplai ya "wati 500" niliyoikataa Mwanjelwa

Msimu wa mvua hapa Mbeya mnaujua. Mchana wingu linashuka kutoka Mlima Loleza, radi zinaanza, na umeme nao unaanza kucheza. Wiki ile ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena. Uliporudi mara ya pili, kompyuta ya mezani ya steshenari yangu haikuwaka. Ni Dell OptiPlex 7020, ile ya kusimama, used, na ndiyo inayochapa barua, kuskani vyeti na kujaza maombi ya mikopo ya wanafunzi. Bila hiyo nabaki nauza kalamu.

Kila mtu aliyepita dukani alisema bodi kuu ya kompyuta imeungua. Mimi nilianza na pawa saplai, kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, maana kwenye mashine hizi kuipima hakuhitaji fundi. Nyuma, pembeni mwa tundu la waya wa umeme, kuna kitufe kidogo na kitaa. Ukibonyeza, taa ya kijani inatakiwa kuwaka. Haikuwaka. Nikachomoa waya zote zinazokwenda kwenye bodi na diski, nikabonyeza tena. Giza. Ingewaka hapo, ningehamishia mashaka kwenye bodi au diski. Kwa kuwa imegoma hata ikiwa peke yake, yenyewe ndiyo imekufa.

Nikaenda nayo sokoni Mwanjelwa.

"Dada, chukua hii wati 500, elfu 40 tu," dogo wa pale akaniambia. "Yako ilikuwa 290. Hii unapata na akiba."

Nikaipokea. Nyepesi kama boksi la chaki. "Dogo, humu ndani mmeweka kitu kweli?"

Akacheka, nami nikageuza kibandiko. Ile 500 imeandikwa kwa maandishi makubwa, lakini chini kwenye jedwali, mstari wa volti 12 unasema ampea 15. Zidisha mwenyewe: ni wati 180. Na kompyuta za siku hizi, kinachokula umeme hasa, yaani prosesa na kadi ya grafiki, hula kwenye volti 12. Wati nyingine zimerundikwa kwenye volti 5 na 3.3, ambako hakuna wa kuzimaliza.

Tuseme ukweli, 180 zingenitosha. Prosesa yangu ni i5-4590, imepangiwa wati 84, kadi ya grafiki sina, diski ni SSD. Ila aliyenidanganya kwenye kibandiko, kwa nini nimwamini kwenye kinga? Nikawasha tochi ya simu nikachungulia kwenye matundu. Sehemu ya kuchuja umeme unaoingia, nafasi za koili na kapasita zimechorwa kabisa kwenye bodi yake, na ziko tupu. Kazi yao ni kuchuja makelele ya umeme, na aliyeviruka hivyo, sijui ameruka nini kingine. Halafu kile kiswichi chekundu cha nyuma, cha kuchagua volti, kilikuwa kwenye 115. Umeme wetu ni wa volti 230; ukichomeka hivyo utasikia tu "pwaa" na harufu.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo dogo hakuligusa: plagi. OptiPlex za rika hili hazina ile plagi kubwa ya pini 24 ya ATX, yaani muundo wa kawaida wa kompyuta za mezani; zina ya pini 8. HP nyingi za maofisini nazo zina yao ya pini 6. Adapta zinauzwa, lakini kama mashine yako ni ile nyembamba ya kulala, hata ukipata adapta, pawa saplai ya kawaida haiingii kwenye kasha. Kwa hiyo usiende dukani na jina la kompyuta kichwani. Fungua, beba ile mbovu, linganisha plagi na matundu ya skrubu.

Mwisho nilichukua orijino ya wati 290, iliyotolewa kwenye mashine iliyokufa bodi. Elfu 35. Nzito, imejaa vumbi la kiangazi, tukalipuliza. Sikuilipia mpaka ilipofungwa kwenye mashine ya pale kijiweni na kucheza video muda wote niliokuwa nakunywa chai. Tukakubaliana pia kwamba ikizingua ndani ya wiki, narudisha.

Kama yako inatumia ATX ya kawaida, una bahati, machaguo ni mengi. Mimi ningetafuta yenye alama ya 80 Plus, yaani iliyothibitishwa kuwa haipotezi umeme mwingi, kutoka kampuni inayojulikana, hata kama ni ya wati 400, kuliko hizi za 500 za kibandiko. Hakikisha ina plagi ya prosesa, ya pini 4 au 8 kulingana na bodi yako, na kama una kadi kubwa ya grafiki, plagi yake pia.

Ile iliyokufa nimemwachia dogo, anataka waya zake. Alitaka kuifungua palepale, nikamwambia aikate waya kwa nje tu. Kapasita kubwa ya mle ndani inaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa, na yeye alikuwa ameshika bisibisi ya chuma tupu.